Kopo la Kakao na Vizibo Vitatu

Posta, Kasulu
Jumapili, 14 Julai 1974

Kwa Asia binti Isihaka,
Dukani kwa Bwana Tamimu,
Kibondo.

Shoga yangu mpenzi,

Mwakeye. Nimeanza na salamu ya kwetu, ile uliyokuwa ukiitamka kwa ulimi wa Ujiji mpaka wateja wanacheka dirishani. Na sasa nakupa ya kwenu: hujambo, na nyumba nzima hawajambo? Kaka yako Tamimu mgongo umempoa, au bado anauza duka amekaa upande? Na wifi yako je, ameshajifungua salama au mnangoja bado? Nawaombea heri wote, mkubwa kwa mdogo.

Huku kwetu tu wazima, ila baridi ya mwezi huu imetushika. Ukungu unakaa juu ya mji mpaka saa tatu, na ukishaondoka linaingia vumbi. Reverien ametimiza miezi mitano. Jino la kwanza linamsumbua, kwa hiyo halali, na asipolala yeye silali mimi. Nakuandikia nimempakata. Ukiona mstari umepanda kilima ghafla, ujue ameupiga teke. Baba yake yuko na lori la serikali huko mashambani, anahamisha watu na mabati yao na kuku wao kwenda vijiji vipya, anarudi nyumbani mwekundu kama tofali. Jana nilipita kwa wazazi wako dukani. Mzee Isihaka anakusalimu. Mama Mwanaamina anasema umwandikie mwenyewe, amechoka kupata habari zako kwa wauza asali.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Kiti chako hakijapata mtu. Juzi Ijumaa Bwana Stanislaus aliniita kwenye meza yake akaniambia kwamba amejizuia kuandika mkoani, lakini mwezi huu ukiisha hatakuwa na la kufanya, itambidi aandike kuwa umeacha kazi kwa hiari yako, na wao wataleta mtu wao kutoka Kigoma. Akanituma nikuulize kama unarudi. Nimemwambia nitakuuliza. Lakini siwezi kukuuliza hivi hivi, Asia, kabla hujajua kilichokutoa hapa. Nakuomba kitu kimoja: soma mpaka mwisho. Ukikasirika katikati, kasirika, lakini usiichane mpaka uone jina langu chini.

Nianzie kule tulikoanzia, usinichoke. Unakumbuka posta ilikuwa na kioo kimoja tu, kile cha Bwana Stanislaus cha kuchania ndevu, kimepasuka na kimetundikwa juu kwa kimo chake yeye? Ndipo ukasema kioo cha nini, na sisi tuko wawili. Ukaniketisha juu ya magunia ya barua kule chumba cha nyuma, ukanishika kidevu kwa vidole viwili, ukaniamuru niangalie dari. Nilikuwa sijawahi kupakwa kitu usoni tangu nizaliwe, isipokuwa majivu ya kanisani Jumatano ya Kwaresima. Poda ile ya dukani kwa baba yako ilikuwa ya rangi ya waridi, ukiipaka unaonekana umetoka kusaga mahindi. Wewe ukaichanganya na kakao, ukaichekecha kwa kipande cha shela ya mama yako, ikawa rangi yetu kabisa, na ikanukia. Tukaiweka kwenye kopo lile lile la kakao. Sisimizi wakatufuata wiki nzima mpaka ukaliweka kopo ndani ya sahani ya maji.

Na ule ujuzi wako wa rangi ya mdomo. Kijiti kilipobaki kisigino tu, watu wengine wangekitupa. Wewe ulikichokoa, ukakiyeyusha kwenye kijiko pamoja na nta ya huko huko Kibondo na tone la mafuta ya nazi, ukamimina kwenye vizibo vya soda viwili, kimoja changu na kimoja chako. Ukakuna herufi kwa pini upande wa nyuma, A na M. Ukaniambia uso wa kazini ni poda na mstari mmoja mwembamba wa wanja, basi, na kidole kimoja cha kizibo. Uso wa dansi ni huo huo, ila kizibo mara mbili na wanja unautolea mkia kuelekea sikioni. Jumamosi tukifunga saa sita, ulikuwa unautoa uso wa kazini na kuuvika wa dansi kabla Bwana Stanislaus hajamaliza kuhesabu stempu zake. Tukatoka pale tukaenda zetu kwenye ukumbi kusikiliza santuri, na vumbi la barabarani halithubutu kutugusa.

Kazi yangu mimi ilikuwa moja. Nilikuambia kama macho yamelingana. Ulijipaka mwenyewe kwa kupapasa, ukanigeukia, nami nikasema kushoto kumezidi, au nikasema yako sawa, twende. Hiyo tu. Niliipenda kazi hiyo kuliko ile tuliyolipwa.

Watu walikuwa wanatuuliza mtu wa simu anajipaka kwa ajili ya nani, wakati hakuna anayemwona. Yule fundi wa nyaya alisema tunapoteza poda. Ukamjibu kwamba asiyejipaka anapokea simu kama anayefukuza kuku, anasema nani wewe, unataka nini. Aliyejipaka anasema Kasulu, habari za asubuhi. Ukasema uso unasikika kwenye waya, wewe unausikia, na mhudumu wa Kigoma siku ambayo hajanawa unamjua. Fundi akacheka mpaka akaangusha koleo. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua ni kweli. Kabla yako nilikuwa nasema nani.

Kisha nikajifungua, na kiti changu akakikalia Rosa.

Najua ulitaka nimpende. Ulipokuja kuniona siku ya nane, na uji wa pilipili manga aliokupa mama yako, ulinieleza habari zake mpaka uji ukapoa. Binti wa mkatekista Makarius wa Nyakitonto, anakaa mjini kwa shangazi yake, mikono myepesi, anashika namba upesi, na anachekesha. Nikakuuliza kama anajipaka. Ukasema alikuja na uso mkavu kama muhogo uliosahauliwa juani, lakini unamfundisha. Ulisema hivyo kwa furaha. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mkeka, maziwa yamevujia kwenye kanga, nywele sijachana tangu Jumapili. Nikasema vizuri. Asia, haikuwa vizuri.

Mwezi wa nne nilimfunga mtoto mgongoni nikaja posta mumwone. Sikuwa nimekuambia. Nilipita mlango wa nyuma kama zamani. Nikamkuta Rosa amekaa juu ya magunia, mahali pangu, anaangalia dari, na wewe umemshika kidevu kwa vidole viwili. Ukageuka ukaniona, uso wako ukafurahi kweli, siwezi kukusingizia. Lakini uliniambia nini? Uliniambia karibu Maksi, ngoja nimalize jicho. Nikangoja. Nilisimama na mtoto wangu mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba moto, mpaka jicho likaisha. Kisha ulitaka kumpokea mtoto ukajizuia, ukasema mikono ina poda. Na Rosa, bila kujua kitu, akakutazama akasema kushoto kumezidi.

Nilirudi nyumbani bila kununua chumvi niliyoijia mjini.

Siku zile nilikuwa nahesabu vitu vyake kichwani huku nafua nepi. Kiuno chake nilikionea wivu, na viatu vyake vya kisigino kifupi, na jinsi alivyopita mbele ya nyumba yangu saa mbili kasorobo asubuhi akiwa hana mtu wa kumshika nguo. Usingizi wake niliuonea wivu kuliko vyote, unauona tu machoni mwa mtu aliyelala. Siku ya Mei Mosi mlipita wote wawili mmeshikana mikono mkienda ukumbini, na midomo yenu ni ya rangi moja, nami rangi ile naijua inavyotengenezwa. Nikasema moyoni, kizibo changu ndicho kile. Wameshakimaliza.

Jioni hiyo nilifanya jambo la kipumbavu, utacheka. Nilichukua masizi ya chungu nikajichora machoni, na mawese nikajipaka mdomoni, maana sikuwa na kingine. Nilitaka Baba Reverien akifika anikute mtu. Akafika na vumbi lake, akanitazama, akaniuliza mihogo imebaki, maana anaona mimi nimeshakula na sijajifuta. Nikanawa, nikampakulia mihogo.

Halafu zikanifikia zile habari kwamba unamwomba Bwana Stanislaus Rosa abaki. Aliniambia mke wa tarishi, tena kwa kunionea huruma. Alisema likizo yangu ikiisha kiti nitakikuta kina mtu, kwa sababu binti Isihaka amemzoea yule mpya. Nikasema moyoni, basi, nimekwisha.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, na nayaandika tu ili yasipotee katikati yetu. Ile Jumatatu ya mwisho wa Mei, watu wamejaa posta kwa ajili ya vifurushi, Mzee Makarius akaingia na koti lake la Jumapili, mkononi beseni la maji na kipande cha sabuni ya kufulia. Hakumsalimia mtu. Akaweka beseni pale kaunta, akamwita Rosa kwa jina la ubatizo na la ukoo, akamwambia ainamishe uso. Na Rosa akainamisha. Akamwosha mbele ya foleni nzima kama anavyooshwa mtoto aliyetoka kuchezea tope, na yale maji yakawa ya kahawia, yananukia kakao. Hakuna aliyecheka. Yule mama wa Muyama aliyekuwa na vifurushi vya mwanawe akageuza uso ukutani.

Wewe peke yako ndiye uliyesema. Ulivua vyuma vya masikioni ukamwambia, mzee mwache, mimi ndiye niliyempaka, nioshe mimi. Akakujibu kwamba wewe una baba yako wa kukuosha, na kwamba binti Isihaka asifundishe watoto wa watu kuuza nyuso zao. Neno hilo, mbele ya watu, kwako wewe ambaye hujawahi hata kukaa na mwanamume benchi moja. Ukanitazama. Maana nilikuwepo, Asia, nilikuwa wa nne kwenye foleni, na stempu ya barua ya mama mkwe mkononi. Ulinitazama nikusaidie, mimi ninayewajua nyote wawili, mimi Mkristo mwenzake, niseme hata neno moja. Nami nikafunua nguo ya mtoto nikawa natazama kama amelowa. Hakuwa amelowa.

Wiki hiyo hiyo Rosa alirudishwa Nyakitonto kushika jembe. Wewe ulimwendea shangazi yake sokoni ukamwambia ana mdomo kama debe bovu, kwa sababu ulijua lazima yeye ndiye aliyepeleka habari kwa kaka yake. Kisha ukasema huwezi tena kukaa ukilitazama dirisha lile, ukapanda gari ukaenda kwa Tamimu. Nami nikaja stendi kukuaga. Ulilia begani mwangu ukaniambia umebaki wewe tu Maksi. Neno hilo nimetembea nalo wiki sita.

Shangazi yake Rosa hana kosa. Alikuwa anampenda yule mtoto na hakuwahi kumsema. Aliyepeleka habari kwa Mzee Makarius ni mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa, bila kujipaka poda. Unajua sisi kabla ya kubatiza mtoto wazazi tunakaa mafundisho Jumamosi nne, moja kila mwisho wa mwezi, kule misheni, na mwalimu wetu alikuwa ni huyo Makarius. Jumamosi ya tatu anauliza kila mzazi mama wa ubatizo ni nani, yaani yule atakayemshika mtoto na mshumaa. Mimi sikuwa na mtu. Niliyemtaka ni wewe, na wewe huwezi, kwenu ni msikiti na kwetu ni kanisa, hilo peke yake lilikuwa limeniuma siku nyingi. Mzee Makarius akaona nimenyamaza, akatabasamu, na huyu mzee hatabasamu ovyo, akasema amenifikiria. Akasema binti yake Rosa amekalia kiti changu miezi mitatu kwa uaminifu, basi ni haki amshike na mtoto wangu, na ameshamwambia, na Rosa amefurahi mpaka ameanza kushona kofia.

Kiti changu, magunia yangu, rafiki yangu, na sasa mwanangu. Nikasimama na mtoto ananyonya, mbele ya wazazi wote wa darasa lile, nikasema kwamba mshumaa wa mwanangu hautashikwa na mtu anayepaka midomo rangi ya kidonda na kwenda kucheza dansi nayo. Nikasema kama mzee hajui, apite posta siku ya kazi ajionee.

Mzee Makarius akashika chaki, akaandika amri inayofuata ubaoni. Jumatatu akaja na beseni.

Sikusema uongo hata kidogo, ndiyo maana nililala siku mbili bila wasiwasi. Ukweli wenyewe niliusema kwa roho mbaya. Sikujua atakuja na beseni, lakini nilijua atakuja, na nilikuja na stempu yangu nione.

Sasa sikiliza na haya, maana hukuwa hapa. Tarehe kumi na saba Juni nilirudi kazini. Bwana Stanislaus akanipa lile kopo, akasema umeacha ujumbe nipewe mwenyewe mkononi. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayedhani naelewa, kwamba ni bahati mbaya mpango wako umekufa. Nikamuuliza mpango upi. Akashangaa. Akasema mwezi mzima ulikuwa unamfuata na kumwomba Rosa abaki tuwe watatu, ili mimi niwe nafanya nusu siku tu mpaka mtoto aachishwe ziwa, kwa sababu ulisema umeniona mlangoni siku moja na nimechoka mpaka unaogopa. Alisema hukutaka niambiwe kabla mkoa haujakubali, usije ukanipa matumaini bure.

Nikafungua kopo. Mlikuwa na vizibo vitatu. Chenye R kilikuwa kimekwisha mpaka bati linaonekana. Chako kimebaki nusu. Na chenye M kimejaa mpaka ukingoni, juu yake umefunika karatasi ya telegramu umeandika: cha Maksi, usiguse, hata kidogo. Rangi yake imepauka kidogo kwa kukaa. Hakuna kidole kilichoingia humo tangu Februari.

Laini ya Kibondo iliita mara tatu siku hiyo. Sikuipokea.

Wiki mbili nililala na kopo lile chini ya kitanda, naogopa kulifungua na naogopa kulirudisha. Kisha nikaona kwamba nililoliharibu mbele ya watu siwezi kulitengeneza kwa kunong'ona. Jumamosi tarehe ishirini na tisa nilikwenda kwenye mafundisho, nikasimama pale pale mbele ya wazazi wale wale, nikasema nilivyomsema Rosa ni kwa wivu, na kwamba yeye na Asia hawakunikosea chochote ila kupendana. Mzee Makarius alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Akasema yeye si mtu wa kuletewa, nikamwambie mwenye uso ulioshwa.

Kesho yake nikapanda lori la mume wangu mpaka Nyakitonto. Nilimkuta Rosa anapura maharage, viganja vimevimba. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, hakuniambia nikae. Nilipomaliza akaendelea kupura. Kisha akaniuliza, dada, ulikuwa unataka poda? Si ungeomba. Alisema hivyo tu, na mama yake akatoka jikoni kuona nani anayelia, akakuta ni mimi.

Kwa baba yake ilikuwa kazi. Akaniuliza swali lile la fundi wa nyaya, simu haina macho, mtu anajipaka kwa ajili ya nani. Nikamweleza kama ulivyotueleza, kwamba uso unasikika. Akasema hayo ni maneno ya dukani. Ndipo mkewe akaingilia, akamuuliza yeye kila Jumamosi anapaka viatu rangi kwa ajili ya nani, kwani Mungu anatazama viatu? Mzee akakohoa. Mwisho akasema, kwa shingo upande, Rosa anaweza kurudi. Ajipake akiwa kazini, na anawe kabla ya kupita mbele ya kanisa. Mkia wa wanja hataki hata kuusikia. Na kuhusu neno alilokuambia wewe, nililishikilia, sikukubali liachwe. Nilimwambia siondoki na lori litangoja. Amesema alikosa, na ukija atakuambia mwenyewe mdomoni mwake. Mimi nimesikia kwa masikio yangu, na mkewe pia.

Rosa amerudi Jumatatu iliyopita, siku moja baada ya Sabasaba. Bwana Stanislaus amekubali tujaribu ule mpango wako mpaka mwisho wa mwezi: asubuhi Rosa yuko kwenye swichibodi, mimi naingia saa saba mtoto akishashiba. Shangazi yake nimemwendea pia, sokoni, mahali pale pale ulipomtukania, nikamwambia debe bovu ni mimi. Amesema atafikiri.

Lakini Rosa si mtu wa bure. Nilipomwomba amshike Reverien na mshumaa, alikataa mpaka nikuandikie wewe, kila kitu, bila kuacha stempu wala foleni. Hajaisoma barua hii na hatataka kuisoma; ameniambia atajua tu. Ubatizo tumeuweka Jumapili ya kwanza ya Agosti. Ukija, utakaa benchi la nyuma kama ulivyokaa siku ya ndoa yangu, ukila karanga kwa siri.

Sikuombi unisamehe kwa barua, maana barua haina shingo ya kukamatwa. Sikuombi hata unijibu. Naomba jambo moja. Siku yoyote ya wiki hii, asubuhi kabla ya saa sita, pita posta ya hapo Kibondo uombe Kasulu. Atakayepokea si mimi. Usitaje jina lako. Yule binti sasa hivi nampaka mimi, juu ya magunia, nikipita asubuhi na mtoto mgongoni kabla posta haijafunguliwa, na macho hayalingani, ananicheka mpaka poda inaruka. Hana mwingine. Wewe ndiye unayejua kuusikia uso kwenye waya. Msikilize tu atakavyosema Kasulu, habari za asubuhi. Ukisikia uso umepakwa vibaya, njoo uupake mwenyewe.

Mtoto amelala sasa hivi, mkono wake uko juu ya karatasi, naandika kwa kuuzunguka. Wasalimie Tamimu na wifi yako, na huyo mgeni wao akifika mpigie kigelegele kimoja cha kwangu. Baba Reverien anakusalimu kutoka ndani ya vumbi lake. Mama yako anakusalimu mara ya pili, amesema nisisahau.

Wako niliyekukosea,

Maximilla, mama Reverien,
mwenye kizibo kilichojaa.